Kiu haihesabu lita, inaonja chumvi

Juzi tulikuwa Mwaloni pale Kirumba, soko la samaki la Mwanza, tunatoa elimu ya afya, kuli mmoja akatua gunia lake la dagaa akaniuliza, "Dokta, mbona nikila kayabo, hawa samaki wa chumvi, usiku naamka koo limekauka, wakati nimelala tu, jasho halijanitoka?" Swali zuri kuliko yote ya siku ile, maana wengi tunadhani mwili ni kama simtanki, maji yakishuka ndo kengele inalia.

Iko hivi. Ndani ya ubongo, sehemu inaitwa haipothalamasi, kuna seli kazi yao ni kuonja damu muda wote. Damu ikikolea chumvi kidogo tu, asilimia 1 mpaka 2 hivi, seli hizo zinasinyaa na hapo hapo mambo mawili yanaanza: unasikia kiu, na tezi ya pituitari inamwaga homoni ya vasopresini inayoziambia figo zibane maji. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku lakini chooni unapeleka lita 1 au 2, zingine zote zinarudi kwenye damu. Vasopresini ikipanda mkojo unakuwa kidogo na wa njano iliyokolea. Bia inaizuia hiyo homoni, waliokesha baa wanajua wameenda chooni mara ngapi, mi sisemi.

Kwa hiyo yule bwana maji hakupoteza, aliongeza chumvi.

Sasa geuza. Mchana amebeba magunia jua la saa saba, jasho limetoka na maji na chumvi. Akigida maji matupu kiu inakata ndani ya dakika chache, tena kabla hata maji hayajafika vizuri kwenye damu, maana mdomo na koo vinatuma taarifa mapema ubongoni. Alafu damu inazimuka, kengele inanyamaza, lakini bado anadaiwa maji. Kengele ya pili ipo, inapima ujazo wa damu, ila hiyo ni nzito, mpaka upungue karibu asilimia 10 ndo inashtuka kisawasawa. Ndo maana ugali na mchuzi wenye chumvi yake baada ya kazi unasaidia, chumvi inayashika maji yasiishie chooni. Mtoto anayeharisha mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari, pakiti moja kwenye maji salama ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita 1, sukari iliyomo ndo inaivusha chumvi kwenye utumbo na maji yanafuata. Na jamani maji ya ziwani msinywe hivi hivi, chemsheni, hata kama yanaonekana meupe.

Wazee sasa, kengele yao inafifia na umri, figo nazo hazibani kama zamani. Bibi akikwambia saa nane mchana "sina kiu mjukuu wangu" usibishane naye, mletee tu kikombe cha uji mwepesi umkalie karibu mpaka amalize.