Usakinishaji wa kujiendesha ni nini?

Fundi wa Mwanga, Kigoma, akiletewa kompyuta moja apige windo, anachomeka flashi na kukaa nayo hadi iishe. Zikiletwa ishirini za maabara ya shule, zote zinatakiwa Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, kukaa na kila moja ni kujitafutia usiku mrefu.

Kazi ya kusakinisha Linux kwa mkono huliwa na maswali. Lugha gani? Kibodi ipi? Saa za wapi? Diski igawanywe vipi? Usakinishaji wa kujiendesha ni kuyajibu yote kabla hayajaulizwa, ndani ya faili moja la maandishi. Debian, mojawapo ya aina za Linux, huliita preseed. Fedora na Red Hat, aina nyingine, wana Kickstart. Mstari mmoja wa preseed ni huu:

d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam

Yaani ukifika kwenye saa usiulize, weka ya Dar es Salaam. Mistari mingine hutaja programu za kuongeza, na mwishoni unaweka amri zako: printa ya ofisi, nembo ya shule kwenye skrini.

Faili hilo linaifikiaje mashine? Kwa waya. Unaiweka BIOS, programu ndogo inayoamsha mashine, iwashe kompyuta kupitia mtandao, njia iitwayo PXE. Ikiwaka tu, inaomba anwani. Seva ya DHCP, yaani kompyuta inayogawa anwani za mtandao, inaipa, na inaionyesha pa kuvuta faili za kuanzia kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha faili. Kisakinishi kinaamka, kinasoma majibu, kinaendelea. Wengi hukwama hapa, maana ruta ya intaneti nayo hugawa anwani: ikijibu yenyewe kwanza, mashine inaweza kubaki inazubaa. Mimi huzima DHCP ya ruta kabla ya kugusa kitu kingine.

Halafu kuna bando. Bila mpango, mashine ishirini zitashusha vifurushi vilevile vya programu mara ishirini. Ukiweka kwenye seva apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi vilivyokwisha kushushwa, kifurushi kinashuka mara moja na wengine wanachota hapo. Kwa bei ya bando letu, hilo peke yake linatosha kunishawishi.

Wapo wanaochanganya jambo hili na kunakili diski. Nakala hubeba hata utambulisho wa mashine ya kwanza, jina lake na funguo zake za SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali), ukajikuta una mapacha ishirini kwenye mtandao mmoja. Faili la majibu huijenga kila mashine upya. FAI, zana nyingine ya kusakinisha Linux, aliyoianzisha Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, mwaka 1999, inafanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Ila faili halina huruma. Likiambiwa lifute diski, linafuta bila kuuliza ya nani. Kuna siku laptopu ya mhasibu ilikuwa imechomekwa kwenye swichi yangu ya mtandao, na BIOS yake inatanguliza mtandao kabla ya diski. Aliiwasha akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta Debian safi kabisa, na hesabu za muhula hazipo. Siku hizi naandika kwenye seva anwani za MAC, namba za utambulisho za kadi za mtandao, za mashine ninazozitaka. Nyingine zikiomba, hazijibiwi.