Kingpini ya lori haikatwi na mzigo peke yake

Kingpini, ile pini iliyosimama kwenye ekseli ya mbele ambayo gurudumu hugeukia usukani ukikatwa, ikivunjika, wa kwanza kulaumiwa ni aliyepakia mzigo. Mzigo una lawama zake, lakini mimi nikipiga hesabu, breki ndiyo inayotangulia.

Uzito wa lori haukalii pini. Hushuka kutoka kwenye boriti ya ekseli kwenda stabu ekseli, yaani kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo, kupitia beringi bapa iliyo chini ya jicho la boriti, tundu ambamo pini hupita. Pini kazi yake ni kuzuia kupinda, maana tairi limekaa nje yake.

Tuchukue ekseli ya mbele yenye tani 7, yaani kilonewtoni 34 hivi kwa kila tairi. Tairi likiwa milimita 100 nje ya pini, na bushi mbili, zile pete zinazoishika pini juu na chini, zikiachana milimita 200, kila bushi husukumwa kwa kilonewtoni 17. Hapo gari limesimama tu! Sasa kanyaga breki mpaka lami ivute tairi kwa kilonewtoni 20. Breki imelibana gurudumu na stabu ekseli kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mvuto ule unapata wenzo wa nusu mita, kutoka chini hadi katikati ya gurudumu. Bushi ya chini inabeba kilonewtoni 60, ya juu 40 kuelekea upande wa pili. Na bado sijaongeza uzito unaohamia mbele.

Ndiyo maana sikubali pini iliyolika ichongwe upya na kuvalishwa bushi ndogo. Ukitoka milimita 50 ukafika 45, mkazo wa kupinda unapanda kwa asilimia 37, na ile ngozi ngumu ya juu umeshaiondoa.

Ufa nao hupenda kuanzia kwenye pengo la kabari inayoikaza pini ndani ya jicho, au pale pini inapochomoza kutoka kwenye jicho. Kabari ikilegea, pini inatikisika na kujisaga humo ndani. Jicho likishapanuka, pini mpya haitadumu.

Kupima ni rahisi: piga jeki, tikisa tairi juu na chini, kisha mwenzako akanyage breki. Mchezo, yaani ule ulegevu, ukiisha, shida ni beringi za gurudumu. Ukibaki, angalia bushi. Grisi pia napenda ipigwe ekseli ikiwa juu, maana tairi likiwa chini ile beringi bapa imebanwa na grisi haipenyi vizuri.