Kubeba Bakteria Sugu Si Lazima Uugue
Wengi huamini kwamba mgonjwa asiye na homa wala kidonda hana sababu ya kupimwa bakteria sugu anapolazwa. Sivyo. MRSA, yaani bakteria aina ya stafilokokasi isiyosikia antibiotiki iitwayo methisilini, huweza kukaa puani mwa mtu mwenye afya njema bila dalili yoyote, kisha ikahamia kwenye mshono wa mgonjwa wa kitanda cha jirani kupitia mikono ya wahudumu. Ndiyo maana huko Uholanzi mgonjwa aliyetoka kulazwa nchi nyingine huwekwa chumba cha peke yake, kijiti chenye pamba kikazungushwa ndani ya pua na kooni, na sampuli ikaoteshwa maabara. Hiyo si adhabu, na kwa maoni yangu anastahili kuelezwa hivyo kabla mlango haujafungwa. Hata muuguzi wa huko akikutwa na MRSA, huondolewa wodini kwa muda ili atibiwe.