Pynchon hajifichi, nyie someni sura ya 9 ya V.

Kila nikimtaja Thomas Pynchon, mwandishi wa riwaya wa Marekani, darasani swali ni lilelile, mwalimu, kwa nini anajificha? Kweli, jamaa kazaliwa 1937 jimbo la New York na picha zake zinazojulikana ni chache mno, nyingi za enzi za shule na jeshi la majini. 1974 riwaya yake Gravity's Rainbow ikapata tuzo ya vitabu ya Marekani, National Book Award, hakutokea, akapanda jukwaani mchekeshaji Irwin Corey kuipokea na kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Lakini 1997 CNN walipomrekodi mtaani aliwapigia simu, akawaambia hilo neno la kujitenga ni la waandishi wa habari, maana yake tu mtu hapendi kuongea nao. Mimi namwelewa kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba stori za picha zinafunika kazi. Chukua V., riwaya yake ya kwanza, 1963, hata miaka 26 hajafikisha. Sura ya 9 iko Namibia mwaka 1922, wazungu wamejifungia nyumbani kwa mkulima Foppl wakiogopa uasi wa Wabondelswarts, watu wa kusini mwa nchi hiyo, wanakula na kunywa wiki baada ya wiki, na huyo Foppl anaikumbuka kwa mapenzi 1904, alipokuwa askari wa Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri Waherero, kabila la hukohuko Namibia, wamalizwe, wakakimbizwa jangwani Omaheke wakafa kwa kiu, akina mama na watoto humohumo. Pynchon anataja waliouawa, kama 60,000, halafu anasema ni asilimia 1 tu ya milioni 6 (yaani Wayahudi waliouawa na Wanazi), lakini si haba. Basi. Hakuna kilio hakuna mahubiri, na ndo maana kila nikifika hapo inabidi niweke kitabu chini kwanza.

Na huyo von Trotha alishapita huku kwetu jamani, kuanzia 1894 alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, enzi zilezile za vita vya Mkwawa!

Waherero wanarudi tena kwenye Gravity's Rainbow, safari hii wako Ujerumani wanaunda roketi yao, na roketi Pynchon alizijua, aliwahi kuandika makala za kiufundi za makombora pale Boeing. Yale ya Waherero, Ujerumani yenyewe imekuja kuyaita rasmi mauaji ya kimbari 2021.

Wengi watakwambia anza na riwaya yake The Crying of Lot 49 kwa vile ni fupi, sawa, ila mimi ningekupeleka moja kwa moja nyumbani kwa Foppl, na usome taratibu.