Moshi mweupe asubuhi si lazima ringi ziwe zimekwisha

Wengi wanaotumia skidi stia, kile kijiko kidogo cha dizeli kinachogeuka papo hapo, huamini kwamba kikisumbua kuwaka asubuhi na kutoa moshi mweupe, ringi, yaani pete za pistoni zinazozuia mgandamizo kuvuja, zimekwisha na injini ishushwe. Wakati mwingine ni kweli. Ila mara nyingi moshi huo ni dizeli iliyopulizwa silindani ikakosa joto la kuungua: plagi za kupasha joto zimekufa, au betri inazungusha injini polepole.

Nusa kwanza. Moshi ukiwasha macho, ukinuka dizeli, na ukakoma injini ikipata moto, anza na plagi. Chomoa waya na kile kipande cha bati kinachoziunganisha. Weka mita kwenye omu, ncha moja kichwani mwa plagi, nyingine kwenye chuma cha injini. Nzima husoma takriban omu 0.5 hadi 2; iliyokatika haisomi kitu. Kisha pima betri ya volti 12 stata ikizunguka. Ikishuka chini ya 9.6, kagua betri na vichwa vyake kama vina kutu.

Injini ikiwaka kisha ikazima, tafuta upepo kwenye njia ya mafuta, hasa oringi (pete ya mpira) ya filta.

Harufu tamu huku maji ya rejeta yakipungua huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Moshi wa buluu ni oili. Hapo ndipo upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa silindani. Na usipulize eta, ile dawa ya kupuliza ya kusaidia injini kuwaka: ikikutana na plagi yenye moto hulipuka kabla ya wakati, na ringi zilizokuwa nzima zinaweza kuvunjika kweli.