Sonona haigawanywi kama mirathi

Swali kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression), limekuja tena, na safari hii limekuja na hesabu yake kabisa: “Nimesoma kwamba sonona inarithiwa kwa asilimia 37. Mama aliugua. Kwa hiyo asilimia 37 ya ugonjwa wangu nimeutoa kwake, na hizo 63 zilizobaki ni maisha?”

Hapana. Nimelijibu mara nyingi kwa sentensi mbili na haijasaidia, kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Kosa hili linaonekana dogo, la hesabu tu, lakini ndilo linalozaa mengine: kijana anayekata tamaa kabla hata hajaugua kwa kuwa “kwetu iko kwenye damu”, mzazi anayejihukumu kwamba amempa mwanawe ugonjwa, na mgonjwa anayeambiwa anajiendekeza kwa sababu kwao hakuna aliyewahi kuugua. Wote watatu wanaziona jeni kama mirathi: shamba linapimwa, kila mtoto anapewa fungu lake, na fungu linahesabika. Sonona haigawanywi hivyo. Wasiwasi pia.

Tuanze na hiyo 37. Ilitoka kwenye uchambuzi wa Sullivan, Neale na Kendler wa mwaka 2000, uliounganisha tafiti za mapacha. Kwa wasiwasi wa jumla, uchambuzi kama huo wa Hettema na wenzake wa mwaka 2001 ulitoa takriban 32. Kwa ugonjwa wa mashambulizi ya hofu ya ghafla, takriban 43. Namba hizi hazikupatikana kwa kuchungulia jeni za mtu. Zilipatikana kwa kulinganisha jozi. Mapacha wanaofanana wana DNA ileile. Mapacha wasiofanana wanashiriki takriban nusu ya zile jeni zinazotofautiana baina ya watu, kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja. Tuseme mfanano wa jozi za kwanza katika sonona ni 0.40, na wa jozi za pili ni 0.20. Unatoa, unazidisha kwa mbili: (0.40 − 0.20) × 2 = 0.40. Hicho ndicho kiwango cha kurithika. Kinachobaki kufikia 1, yaani 0.60, kinaitwa mazingira. Hesabu za siku hizi zina mambo mengi zaidi, lakini msingi ni huo.

Sasa tazama kilichopimwa. Ni tofauti baina ya watu wa kundi fulani, katika wakati fulani. Wapange watu wa kundi hilo kuanzia aliye karibu kabisa na sonona hadi aliye mbali nayo: asilimia 37 ya kupishana kwao inaelezwa na kupishana kwa jeni zao. Basi. Kuhusu mtu mmoja namba hii haisemi lolote, kwa sababu mtu mmoja hapishani na yeyote. Hana cha kugawanywa. Ukibadilisha kundi, namba inabadilika bila jeni ya mtu kuguswa. Kwa mapacha wa Uswidi, mwaka 2006, Kendler na wenzake walipata 42 kwa wanawake na 29 kwa wanaume. Hakuna dada aliyebeba asilimia 13 zaidi ya kaka yake.

Kuna matokeo mengine ya Kendler, ya mwaka 1995, ambayo ningependa kila anayeuliza swali la mafungu ayaone. Yalihusu mapacha wanawake wa Virginia, Marekani, na yalipima uwezekano wa sonona kuanza ndani ya mwezi mmoja. Mwanamke ambaye pacha wake wa kufanana hakuwahi kuugua, na mwezi huo hakupatwa na jambo zito: asilimia 0.5. Mwanamke ambaye pacha wake wa kufanana aliugua, naye hakupatwa na jambo: 1.1. Likitokea jambo zito, yaani kufiwa na mtu wa karibu, kushambuliwa, matatizo makubwa ya ndoa, au kuachana, yule wa kwanza anapanda hadi 6.2. Wa pili anapanda hadi 14.6.

Jaribu kugawa. Jeni peke yake imeongeza 0.6. Tukio peke yake limeongeza 5.7. Weka juu ya ile 0.5 ya mwanzo, unapata 6.8. Lakini kilichoonekana ni 14.6. Hizo 7.8 za ziada utampa nani? Si za jeni, kwa sababu bila tukio hazipo. Si za tukio, kwa sababu bila jeni hazipo. Zaidi ya nusu ya hatari ya yule mwanamke haina mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu swali la “yangu ni asilimia ngapi ya kurithi” halina jibu. Hata tukiwa na vipimo vyote vya dunia, halitapata jibu.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kufundishia hulipita haraka. Badala ya kujumlisha, zidisha. Jeni imezidisha hatari mara 2.2, tukio limeizidisha mara 12.4. Anza na 0.5, zidisha kwa vyote viwili, unapata 13.6, karibu sana na 14.6. Kwa anayejumlisha, jeni na mazingira vimeshirikiana kwa nguvu kubwa. Kwa anayezidisha, karibu hakuna ushirikiano wa pekee. Kila kimoja kimefanya kazi yake ileile. Data ni zilezile. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba utafiti “umethibitisha” au “umekanusha” kwamba jeni na mazingira hushirikiana, muulize kwanza alijumlisha au alizidisha. Nina shaka ya kweli kuhusu sehemu kubwa ya mabishano ya fani hii kwa sababu hiyo moja. Kwa mgonjwa, hata hivyo, kinachohesabika ni ile 14.6 dhidi ya 6.2: ndiyo inayotuambia nani afuatiliwe kwa karibu zaidi baada ya msiba.

Kuhusu “jeni ya sonona” nitakuwa mfupi, maana suala hili limeisha ingawa watu hawataki liishe. Mwaka 2003 Caspi na wenzake walitangaza, kwa vijana 847 wa Dunedin, New Zealand, kwamba toleo fupi la jeni ya kisafirishi cha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, humfanya mtu aangushwe kirahisi na misukosuko. Ilisifiwa kila mahali. Mwaka 2009 Risch na wenzake walikusanya tafiti 14 na hawakuiona athari hiyo. Mwaka 2019 Border na wenzake walizipima jeni 18 zilizokuwa maarufu kwa sonona kwenye sampuli zilizofika mamia ya maelfu ya watu: kwa ujumla hazikuwa na uhusiano zaidi na sonona kuliko jeni nyingine zozote zilizookotwa tu. Ukiuziwa kipimo cha mate kinachodai kusoma jeni moja au mbili na kukutabiria sonona, hifadhi pesa yako.

Kilichopo ni kingine kabisa. Utafiti wa Howard na wenzake wa 2019, wenye watu zaidi ya 800,000, ulipata mahali 102 kwenye DNA panapohusiana na sonona. Ule wa kimataifa uliochapishwa 2025 ulifikisha karibu 700. Kila mahali pana mchango mdogo mno, na sote tunabeba baadhi. Ukizijumlisha alama hizo zote kwa mtu, katika kazi ya 2019 zilieleza kati ya asilimia 1.5 na 3.2 ya tofauti. Kwa utafiti ni hatua kubwa. Kwa kumwambia mtu aliyeketi mbele yako kama ataugua, hazitoshi. Kuna doa jingine pia: ili kupata sampuli kubwa hivyo, mara nyingi “mgonjwa” ni mtu aliyejibu swali moja tu. Kwenye UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya ya Uingereza, mojawapo ya maswali hayo huuliza kama uliwahi kumwona daktari kwa ajili ya wasiwasi, mishipa ya fahamu, mkazo au sonona. Swali kama hilo linakusanya sonona, wasiwasi, uchovu na majonzi kwenye kapu moja, kisha tunashangaa kwamba jeni zilizopatikana si za sonona pekee.

Upande wa mazingira ndiko ninakokosa subira zaidi, kwa sababu waliochoka na habari za jeni hukimbilia huko wakidhani ni kwepesi. Tafiti za mapacha huyagawa mazingira mara mbili: yale yanayowafanya ndugu wafanane, na yale yanayowatofautisha. Uchambuzi wa 2000 ulipata karibu sifuri kwa aina ya kwanza. Basi wapo wanaotangaza: malezi hayana maana! Namba hiyo haikusema hivyo hata kidogo. Wazazi wanapotengana, mmoja ana miaka 6 na mwingine 16. Mkubwa ana marafiki na mlango wa kutokea. Mdogo anadhani kosa ni lake. Tukio ni moja na nyumba ni moja, lakini kwa kuwa limewagusa tofauti, hesabu inaliandika upande wa “yasiyoshirikiwa”. Malezi yapo, yamehesabiwa kwenye safu nyingine.

Na hiyo safu nyingine, ile 63, ina uchafu ndani yake. Kila kosa la upimaji linaangukia humo. Umwulize mtu leo kama aliwahi kuugua sonona, umwulize tena baada ya mwaka. Wengi hubadilisha jibu, kwa kusahau au kwa kuwa leo ana nafuu. Kendler na wenzake walilipima hilo mwaka 1993: zaidi ya nusu ya kilichokuwa kikiitwa mazingira kilikuwa makosa ya upimaji, na walipoyasahihisha, kiwango cha kurithika kilipanda hadi takriban asilimia 70. Hadi 70 kwa kuuliza mara mbili! Halafu mtu anaitaja 37 kana kwamba ni uzito wa dhahabu kwenye mizani. Upande wa pili kuna shaka inayoweza kuishusha: tunachukulia kwamba mapacha wanaofanana hawatendewi kwa mfanano zaidi kuliko wasiofanana. Imejaribiwa, kwa mfano kwa kuwatazama mapacha ambao familia zao zilikosea aina yao, na imesimama vizuri kuliko nilivyotarajia. Bado siioni kuwa imefungwa.

Tena, mazingira yenyewe hayaji kwa bahati nasibu. Mtoto mwenye hofu kwa asili huwafanya watu wazima wamkinge kupita kiasi, na kule kukingwa kunamnyima nafasi ya kugundua kwamba mbwa habweki ili aume. Mtu mzima mwenye mwelekeo wa sonona hujitenga, na upweke unamrudia kama ugonjwa. Kendler na Baker, mwaka 2007, walipitia tafiti zilizopima “mazingira” kama malezi, matukio ya maisha na msaada wa watu, wakakuta hayo nayo yanarithika kwa wastani wa asilimia 27. Ukiyaita yote “maisha tu” umekosea, na ukiyaita yote “jeni tu” umekosea vilevile.

Je, mzazi mwenye wasiwasi anampa mtoto jeni au anamfundisha kuogopa? Hapa majibu yamenishangaza. Eley na wenzake, 2015, walitazama watoto wa mapacha: mtoto analelewa na mama yake, lakini mama yake mdogo ambaye ni pacha wa kufanana wa mama ana jeni zilezile za mama. Kama ni jeni, mtoto angefanana na wote wawili. Wakakuta wasiwasi wa kijana unafuata wa mzazi anayeishi naye, na njia ya jeni haikuonekana. Kwa sonona, data za watoto wa kuasiliwa wa Uswidi, 2018, zilionyesha jeni na malezi vikichangia takriban sawasawa. Simwambii mzazi habari hizi ili ajilaumu. Namwambia kwa sababu kile kinachopita kwa malezi kinaweza kufanyiwa kazi: mzazi akitibiwa wasiwasi wake, akiacha kukwepa kila kinachomwogopesha mbele ya mtoto, mtoto anaona.

La mwisho ni historia ya familia, ambayo sisi tunaowahudumia wagonjwa huiuliza vibaya karibu kila mara. Swali la “kuna mgonjwa wa akili kwenu?” halifai, maana jibu lake huwa hapana tu. Taja mtu mmoja mmoja: mama, baba, kila ndugu. Uliza kama kuna kipindi alishindwa kazi, kula au kulala kwa wiki mbili au zaidi. Alikuwa na miaka mingapi. Kilirudi mara ngapi. Kuanza mapema na kurudi mara kwa mara ndiko kunakoashiria mkono mzito zaidi wa ukoo. Uliza wasiwasi sambamba na sonona, kwa kuwa tangu 1992 tafiti za mapacha zinaonyesha jeni zake kwa kiasi kikubwa ni zilezile. Matukio ndiyo husukuma upande mmoja au mwingine, kupoteza na kudhalilishwa kuelekea sonona, hatari inayonyemelea kuelekea wasiwasi. Uliza pia pombe, na kwa upole, kama kuna aliyejiua au kujaribu.

Kisha mpe uliyekuwa ukimuuliza hesabu ya kweli. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua, uwiano wake wa kuugua dhidi ya kutougua (odds) ni takriban mara 2.8. Tuseme kwa watu wa kawaida huugua 10 kati ya 100. Ni uwiano wa 10 kwa 90 unaozidishwa kwa 2.8, si ile 10 yenyewe, kwa hiyo kwake inakuwa kama 24. Waliobaki 76 hawaugui, nao pia walikuwa na mzazi au ndugu aliyeugua.

Na usifunge faili kabla ya kuuliza hili: kuna yeyote katika familia aliyewahi kukaa siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka, akiongea bila kituo, akitumia pesa au kuanzisha mipango isiyo na kichwa? Kama yupo, daktari ajue kabla hajaandika dawa ya sonona, kwa sababu dawa hiyo ikitolewa peke yake kwa mwenye mwelekeo huo inaweza kumrusha upande wa pili, yaani kwenye msisimko huohuo uliopitiliza.