Je, wajua Pável Pardo aliendaje Ujerumani na miaka 30 akabeba ubingwa msimu wa kwanza tu?

Mchezaji akifika miaka 30 hajacheza Ulaya watu huwa wanasema basi huyo muda ushampita, amalizie mpira kwao. Pável Pardo, kiungo wa Mexico ambaye sasa ashastaafu, alifikisha huo umri Julai 2006 akiwa hajawahi kuchezea klabu yoyote nje ya Mexico, na baada ya Kombe la Dunia la mwaka huohuo akatua VfB Stuttgart pamoja na mwenzake beki Ricardo Osorio. Mechi ya kwanza ya ligi wakapigwa 3-0 na Nürnberg tena nyumbani kwao. Mei 2007 wakawa mabingwa.

Iliwezekanaje? Kwanza tuelewe kuchelewa kwake, klabu kubwa za Mexico zinalipa vizuri sana kwahiyo wachezaji wengi hawaoni haraka ya kutoka. Pardo alianzia Atlas, nyumbani kwao Guadalajara, akapita Tecos alafu klabu ya América aliyobeba nayo ligi 2005.

Ila kwangu mimi siri yenyewe iko nyuma zaidi. Kombe la Dunia 1998 huyu jamaa alicheza beki wa kulia! Namba mbili anauona uwanja wote mbele yake na kazi yake kila siku ni krosi, sasa alipohamia kati akaja na mguu uleule, pasi ndefu, kona, friikiki, vitu ambavyo havitegemei mbio, yaani umri haukuwa na cha kumnyang'anya. Na Stuttgart ya kocha Armin Veh ilikuwa na vijana wa kukimbia, Khedira miaka 20, Mario Gomez 21, walichohitaji ni mtu mzima wa kutuliza mpira pale kati.

Sasa angalia siku ya mwisho, 19 Mei 2007. Stuttgart wako juu ya Schalke kwa pointi 2 tu, wanacheza na Energie Cottbus, na Cottbus ndo wanatangulia kufunga. Uwanja mzima presha. Inapatikana kona, Pardo anaenda kuipiga, badala ya kuirusha kwenye msongamano golini anaitoa nje ya boksi kwa kiungo mwenzake Hitzlsperger, na Hitzlsperger haiachi hata idunde, anaiunganisha hewani na mguu wa kushoto, nyavuni! Mimi hiyo kona nimeirudia mara nyingi mno na kila nikiiangalia naona nusu ya lile goli ni la Pardo. Kipindi cha pili Khedira akaweka la pili kwa kichwa, 2-1, ubingwa wa kwanza tangu 1992.

Wiki moja baadae fainali ya Kombe la Ujerumani, Nürnberg haohao, Stuttgart wako pungufu maana mshambuliaji wao Cacau kala nyekundu, wako nyuma 2-1, zimebaki kama dakika 10 wanapata penati. Akapewa Pardo. Akafunga, japo kwenye zile dakika 30 za nyongeza Nürnberg wakaongeza la tatu na kombe wakaondoka nalo wao.